Kinasa cha Kel

Nakutegea, mjukuu wangu, na jibu lisikutoke haraka. Ndugu wawili wanakaa nyumba moja. Kila mmoja akiimba peke yake, watu wanapiga makofi. Wakiimba pamoja wanamezana sauti, kinabaki kilio cha mbu. Ni nani hao?

Rhonda Pascoe alikutana nao Ijumaa mchana, kwenye ukumbi wa klabu ya bowling ya mji wa bandari wa Port Kembla, siku moja kabla ya onyesho la kumkumbuka kaka yake, Kel, aliyefariki miaka kadhaa nyuma. Alikuwa anajaribu gitaa la Kel, gitaa la umeme lenye vinasa viwili, vile vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Cha mbele kina sauti nzito. Cha nyuma, kilicho karibu na daraja pale nyuzi zinapoishia, kina sauti ya makali. Hicho cha nyuma Kel alikizungusha mwenyewe, wiki aliyoambiwa mapafu yake hayatapona. Hakikuwa na nguvu nyingi, lakini kilikuwa safi, kila uzi unausikia ulipo. Ndicho kitu cha mwisho mikono yake ilichotengeneza.

Rhonda akapiga kinasa cha nyuma peke yake. Sauti ikatoka nene, kubwa kuliko alivyoizoea. Akasukuma swichi katikati ili vyote viwili vifanye kazi pamoja. Sauti ikanywea, ikawa nyembamba kama mbu ndani ya kopo. Rhonda akachukua bisibisi na kufungua. Kifuniko cheusi kilikuwa kilekile, na ufa wake pembeni. Ndani yake waya uling'aa. Waya wa Kel ulikuwa umeshageuka kahawia kwa miaka.

Noreen Sciberras, aliyekuwa polisi kabla ya kusimamia kaunta ya klabu, alimsogezea kiti.

"Ukimjua aliyefanya hivi, utamfanya nini?"

Rhonda alifuta bisibisi kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili. "Nitafutie kwanza," alisema.

Gitaa lilikuwa stoo ya klabu tangu Jumatatu, na mlango haukuvunjwa. Mbali na wao wawili, wenye ufunguo walikuwa watatu. Noreen aliwafuata mmoja mmoja, Rhonda nyuma yake. Kila mmoja aliambiwa kwamba kinasa kimebadilishwa. Habari ya ile sauti ya mbu Noreen hakumwambia yeyote.

Wa kwanza alikuwa Darko Petrovski, fundi wa magitaa, aliyebadilisha nyuzi Jumatatu hiyo. Dukani kwake vinasa vya nguvu vilining'inia ukutani kama soseji. Alisema yeye huuza nguvu kwa anayetaka nguvu. Kel alitaka usafi, na gitaa lilitoka mikononi mwake likiwa na usafi huo. Rhonda alitazama vile vilivyoning'inia, akatamani kuvikanyaga vyote.

Wa pili, Gavin Tully, mpiga gitaa wa bendi nyingine, alikuwa ameomba mara mbili auziwe kinasa kile.

"Nilikitaka, na bado nakitaka," alisema. "Lakini ningekiiba, dada, ungenisikia nakipiga kutoka huko kwako. Mimi na siri wapi na wapi?"

Wa mwisho, Merv Duggan, walimkuta gereji. Zamani yeye na Kel walitengeneza vinasa pamoja, Merv akizungusha waya, Kel akilehemu. Siku hizi alipiga gitaa la kulaza mapajani, lenye kinasa kimoja tu, na waya bado alizungusha. Mpini wa kuzungushia aliushika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono huohuo aliwamiminia chai. Alimlilia Kel kidogo. Kisha akasema Darko ni muuza kelele, waanzie huko.

Garini Rhonda alisema waende wakavunje vioo vya Darko. Noreen akamwambia atulie.

Alasiri Noreen aliwaita wote watatu ukumbini, akaweka pai za nyama mezani, na gitaa juu ya kiti. Aliomba kila mmoja alipige kama anavyopiga siku zote.

Gavin hakumaliza mstari mmoja. Alisukuma swichi katikati, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Darko alipima nafasi zote tatu za swichi, kama anavyopima kila gitaa kabla halijatoka dukani kwake, na kwenye ile ya katikati akaguna. Merv alipiga kinasa cha nyuma mwanzo hadi mwisho. Swichi hakuigusa. Alipomaliza alitabasamu.

"Imejaa, sivyo?" alisema. "Ina kifua."

"Aliyekiweka hajui kwamba vikiwa pamoja vinaharibika," Noreen alisema. "Hawa wawili wangejua kabla hawajafunga skrubu. Wewe umezoea kinasa kimoja, Merv. Na unazungusha kwa kushoto, kwa hiyo waya wako unakwenda kinyume na wa wenzako. Kikikaa na mwenzake, kila kimoja kinafuta sauti ya kingine."

"Uongo. Miaka yote nimezungusha na hakuna aliyelalamika."

"Kwa sababu Kel alikuwa analehemu," Darko alisema taratibu. "Nimefungua vinasa vyenu vya zamani, Merv. Kila kimoja kaka yake huyu alibadilisha nyaya mbili za mwisho, ya kwanza mahali pa ya pili, ndipo vinapatana. Nilidhani unajua."

Merv alisema kwa sauti ya chini. "Hapahapa ukumbini Kel alivijaribu vinasa viwili, changu na chake. Changu kilikuwa na nguvu maradufu. Akauliza watu, nani anataka cha Merv? Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilitaka kesho mpige, watu walie na kushangilia, halafu nisimame niwaambie mmemshangilia nani."

"Habari ya nyaya Kel hakukuambia ili usiaibike," Rhonda alisema. "Cha Kel kiko wapi?"

Merv aliingiza mkono mfukoni, akatoa fundo la waya wa kahawia, umevurugika kama nywele kwenye kitana. Alitaka kuona kina nini ndani, alisema. Hakukiona.

Rhonda alilipokea fundo kwa viganja viwili. Kisha akamgeukia Noreen.

"Uliniuliza nitamfanya nini. Kesho klabu ikijaa, atapanda yeye na gitaa hili, apige wimbo wa Kel, swichi iwe katikati. Akikataa, waite polisi wenzako. Nyaya sitabadilisha hata moja."