Pweza wa Mwamba Uliofungwa

Halfani wa kijiji cha Mnyambe alirudi kutoka pwani na zawadi moja ya maana: pweza mkavu, kajaa kapu zima. Mkewe Shakila, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akimlilia pweza tangu mimba iingie. Akampika kwa nazi, akamla, akalamba vidole.

"Mume wangu, Mungu akuzidishie!"

Halfani akacheka, ila hakumtazama machoni.

Hakusema alikompata. Wavuvi wa kule walikuwa wameufunga mwamba wao miezi mitatu ili pweza wazaliane, maana walishavuliwa ovyo mpaka wakaadimika. Mzee Mahmudu, mwenyeji wake, alimwonya: "Pale usiguse, mwanangu." Ijumaa, watu wakiwa msikitini, maji yamekupwa, Halfani, bwana mkubwa, akaingia na nondo yake. Akamkuta pweza shimoni, juu yake yamening'inia mayai meupe kama punje za mchele. Pweza hakukimbia. Aliyakinga tu kwa mikono yake yote. Halfani akamchoma hapohapo.

Sasa Shakila akaacha kula. Ugali hataki. Uji hataki. Akahamia pembeni mwa chumba, kajikunyata, kalikumbatia tumbo. Zahanati walimtundikia dripu, wakasema ugonjwa hawauoni. Wiki zikapita.

"Mke wangu, kula basi. Kidogo tu."

"Nikila," alinong'ona, "nani atalinda?"

Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa. Halfani aliushika, kisha akaonja kidole chake mwenyewe. Chumvi. Huku juu Mnyambe, jamani, bahari iko wapi?

Akampigia Mzee Mahmudu, akaungama yote huku analia. Mzee akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa ameatamia?"

"Ndiyo, mzee."

"Pweza akiatamia hali kitu, mwanangu. Analinda mpaka watoto watoke."

"Halafu?"

"Halafu anakufa."

Shakila alijifungua Ijumaa, wakati wa swala. Mtoto wa kike, mzima. Akamtazama, mikono ikaachia tumbo, akafumba macho. Hakuamka tena.

Msibani watu walimsifu Halfani kwa alivyomhangaikia mkewe. Kila pole ilimchoma. Nimemuua mimi, alitaka kusema. Akajibu tu, "Nimeshapoa."

Mama mkwe akampakata mtoto. Kichanga kikamshika kidole baba yake, kikang'ang'ania. Ilibidi wavute watu wawili.

Kidole kilipotoka, kilikuwa na alama za duara, saba, zimepangana mstari kama za mkono wa pweza. Mpaka leo zipo. Halfani hampi mtu mkono.