Siri ya Chakula cha Dani

Nilipokuwa Gredi ya Sita niliishi Sori, kando ya ziwa, na nyanya yangu, Bathsheba. Sisi wajukuu tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Mama alikuwa fundi wa nguo mjini Migori, naye alikuja kutuona kila mwisho wa mwezi. Mchana nilitoka shule, nikanawa mikono, nikaketi na Dani jikoni, mlango ukiwa wazi upande wa ziwa. Hata leo, nikisikia harufu ya samaki wa kukaanga, ninaiona ile meza fupi na sahani zetu mbili.

Dani alikuwa na kisukari cha aina ya pili, na kila asubuhi na jioni alimeza tembe za kushusha sukari. Unene ulimlemea magoti, hivyo alikuwa ameacha biashara yake ya kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alipenda kunisimulia jinsi alivyotembea ufukoni na beseni kichwani, akitaniana na wavuvi njia nzima. Akifika hapo, alitazama nje kuelekea ziwani.

Siku moja alisikia redioni kwamba baadhi ya watu wenye kisukari hupunguza chakula, wakapungua uzito na sukari yao ikatulia. Mchana huohuo alimega nusu ya ugali wake, akauweka kwenye sahani yangu pamoja na kipande kikubwa cha samaki. Jioni alikunywa uji mwepesi tu.

"Usimwambie mama yako," alinisihi. "Atanikataza. Nataka anikute nimerudi ufukoni."

Nilikubali. Sitaficha kwamba nilifurahia pia kile chakula cha ziada.

Baada ya wiki tatu tulienda kliniki. Tabibu Mochama aliona uzito umepungua na sukari imeshuka vizuri. Aliuliza kama Dani amebadilisha chakula. Dani akajibu kwamba anakula kama kawaida, ila anatembea sana siku hizi. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilitazama sakafu, nikanyamaza. Tabibu akamwambia aendelee na tembe zilezile.

Jumamosi iliyofuata Dani alimeza tembe zake asubuhi bila kula chochote. Tulikuwa tukianika omena na jirani yetu Dolphine, nikaona mikono ya Dani inatetemeka. Alitokwa na jasho jingi ingawa jua halikuwa kali. Kisha akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Niliogopa sana.

Dolphine, ambaye mumewe pia ana kisukari, alimketisha na kukoroga sukari katika kikombe cha maji. Nilimshika Dolphine mkono nikamkumbusha kwamba Dani hatakiwi kunywa sukari.

"Leo sukari imeshuka kupita kiasi," alisema. "Maadamu bado anaweza kumeza, acha anywe."

Dani alikunywa polepole. Punde akanitambua, akaniita kwa jina langu, Lynnet. Dolphine akamlisha kiazi kitamu, kisha akatupeleka kituo cha afya.

Tabibu Mochama alimuuliza Dani alikuwa amekula nini. Dani akaanza kusema amekula kama kawaida. Safari hii sikutazama sakafu.

"Hajala," nilisema. "Ananipa nusu ya chakula chake kila siku. Hata siku ile ulipomuuliza, nilijua."

Dani aliinamisha kichwa. Tabibu hakumkaripia. Alimweleza kwamba kupunguza chakula kunaweza kumfaa, lakini ni lazima kliniki ijue, kwa maana tembe alizopewa zilipimwa kulingana na mlo wake wa zamani. Akila kidogo na kumeza tembe nyingi, sukari hushuka hadi mtu akaanguka. Siku hiyo alimpunguzia tembe, akampangia mlo wa ugali kidogo, mboga nyingi na samaki wa kuchemsha, na akamtaka arudi kupimwa kila wiki. Mama alipopigiwa simu alikuja siku iliyofuata. Hakumkataza Dani. Alijifunza kupika mlo ule.

Miezi ikapita. Dani alizidi kuwa mwepesi, na tabibu akamwachisha tembe za jioni. Za asubuhi anazimeza mpaka sasa.

Mwaka juzi, nilipokuwa nikiondoka kwenda shule ya bweni Homa Bay, Dani alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwomba msamaha kwa kuwa nilinyamaza siku ile ya kwanza kliniki. Alinishika mkono.

"Nyakwara, mjukuu wangu, kosa lilikuwa langu," alisema. "Nilikubebesha siri isiyomfaa mtoto. Lakini likumbuke hili. Daktari hutibu kile anachoambiwa. Mgonjwa akimficha ukweli, hata dawa nzuri inaweza kumdhuru. Siku uliyosema mbele yangu, nilikasirika mpaka tukafika nyumbani. Kisha nikaketi, nikaona kwamba kama ungeendelea kuninyamazia, leo usingekuwa na mtu wa kukusindikiza."

Akanikabidhi mkoba wangu, akasimama pale hadi nilipoondoka.