Alama Katika Kisanduku cha Nne

Fundi saa alikutwa amekufa katika seli namba mbili saa moja na robo asubuhi, uso umeelekea ukutani. Ndoo ya maji kando yake ilikuwa tupu. Hiyo ilikuwa siku yake ya tano chini ya amri ya hali ya hatari, ile iliyotolewa baada ya bomu la kituo cha treni, iliyowaruhusu polisi kumshikilia mtu siku kumi na nne bila kumfikisha mahakamani.

"Kapigwa?" inspekta aliuliza.

"Hana hata mkwaruzo," daktari wa polisi alijibu. "Ametapika sana. Na tazama vidole, vimejaa alama za kujipima sukari. Alikuwa na kisukari. Kwa siku zote hizi bila insulini, asingepona."

"Hakusema?"

"Muulize aliyekuwa zamu."

Polisi wenzake walimtania inspekta kwamba akipoteza kalamu humhoji hata paka. Leo hakuna aliyetania. Akielekea kaunta alimwona mke wa fundi saa kwenye benchi, amepakata chupa ya kuhifadhia dawa kwenye baridi.

"Afande, leo mtaipokea?" mama yule aliuliza. "Mume wangu hawezi kukaa bila sindano."

"Subiri kidogo, dada," akasema, akapita upesi. Alijionea haya.

Sajenti wa zamu alikuwa ameketi, kofia mezani.

"Mkewe alileta dawa?"

"Mara nne."

"Na wewe?"

"Niliikataa mara nne."

"Mahabusu mwenyewe aliomba?"

"Siku mbili za mwanzo. Baadaye alikuwa anaomba maji tu."

"Nani alitoa habari kwamba huyu ni mshukiwa?"

Sajenti aliivuta kofia karibu yake.

"Nakuuliza, sajenti."

"Hakuna. Jina niliandika mimi." Alifuta uso kwa kiganja. "Kibanda chake kinatazamana na kituo cha treni. Kina nyaya, betri, saa tele. Wewe unajua binti yangu alikuwa anasubiri treni siku ile. Nilimzika Jumanne. Jumatano nikapita pale, nikamkuta huyu anacheka na mteja. Nilitaka mtu, afande. Mtu yeyote."

Inspekta alijua. Alikuwa amelibeba jeneza lile, na lilikuwa jepesi mno. Alimwonea huruma, lakini huruma haifufui mtu.

"Kumkamata ni wewe. Kumnyima dawa je? Nani alikuruhusu?"

Sajenti aliisukuma hati ya kizuizi mbele yake, bila kumtazama.

Kisanduku cha nne kilisomeka: "Asipokee kitu chochote kutoka nje." Ndani yake palikuwa na alama ya wino wa kijani, na chini kabisa, sahihi ya inspekta mwenyewe. Siku ya bomu alikuwa amesaini hati sitini tupu, ili vijana wasimngoje wakiwa mitaani. Alizitia alama kwenye visanduku vyote, kwa usalama. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto, kisha sisi wenyewe tunasaini.

"Jina ni mwandiko wangu," sajenti alisema. "Alama ni yako. Jana nilipoona amezidiwa nilishika simu nikupigie. Nikatazama hati, nikasema, afande ameshaamua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Sheria ilimruhusu kuandika mstari mmoja katika ripoti, "taratibu zilifuatwa," na jambo lingeisha. Inspekta alichukua karatasi mbili za maelezo. Moja alimpa sajenti. Ya pili aliijaza mwenyewe, kwa jina lake, akaisoma mara mbili, ndipo akasaini.

Kisha akaenda kuketi kwenye benchi. Alimwambia mama yule kwamba mumewe amefariki. Chupa ilibaki mapajani pake, ameishika kwa mikono miwili.

"Nani alisema asipewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unamjua?"

"Hapana, dada."

"Sasa kwa nini?"

"Niliogopa bomu la pili."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeelewa.

"Na sisi tuliogopa," akasema. "Vioo vyote vya kibanda vilivunjika. Mlipogonga mlango, yeye ndiye aliyekimbilia kufungua. Aliniambia, usihofu mke wangu, ni polisi."