Chembe za Raba

Haya yalimpata rafiki yangu, mchora katuni wa kujitegemea, nami nayaandika kama alivyonisimulia.

Miaka yote alichora kwa penseli, akapitisha wino, kisha mkewe akafuta penseli kwa raba na kupuliza chembe.

“Chora tu, baba watoto,” mkewe alimtania. “Makosa yako niachie mimi.”

Mkewe alipofariki, zilibaki katuni kumi na mbili zisizofutwa, pamoja na mchoro wa uso wake. Marehemu hakupenda kupigwa picha, kwa hiyo sura yake ilibaki hapo tu, kwa penseli, bila wino.

Juzi mhariri aliomba katuni za zamani. Rafiki yangu aliingia stoo isiyo na dirisha, na umeme ukakatika. Gizani akasikia raba ikisugua karatasi, kisha pumzi ikipuliza. Ikaanza karatasi nyingine, na nyingine, hadi ya kumi na mbili.

“Mama watoto, inatosha,” akasema kwa sauti ya kilio. “Hiyo iliyobaki usiiguse.”

Raba ikaendelea kusugua, polepole.

Umeme uliporudi, katuni zote zilikuwa safi. Karatasi ya mwisho ilikuwa nyeupe kabisa, na chembe za raba juu yake bado zilikuwa na joto.