Kisanduku Kinachofuata Sabuni

Mama ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo alikuwa akipiga pasi shati la mteja. Binti yake alikuwa amekaa mezani, chai imepoa mbele yake.

"Mbona hunywi? Chai yangu imekukosea nini?"

"Si chai, mama. Ni ile kamera ya kiwandani. Imenitoa jasho."

Binti huandika programu za kompyuta katika kiwanda cha sabuni. Alikuwa amefunga kamera juu ya mkanda unaopitisha sabuni. Kamera huangalia kama kila kipande kimepigwa chapa. Kisicho na chapa husukumwa nje.

"Jana imetupa sabuni nzima kabisa," alisema. "Meneja anasema ikirudia leo, anaing'oa."

"Hiyo chapa inaitafutaje?"

"Nimechora kisanduku kwenye picha. Nimekipima kutoka ukingo wa juu na wa kushoto wa picha. Kamera inaangalia humo tu."

"Na sabuni zote huja zimenyooka?"

"Wapi! Nyingine huja zimelala kombo."

Mama akalitupa shati mezani. Likalala kombo. "Mfuko wa shati uko wapi?"

Binti akauonyesha.

"Fundi aliupima kutoka ukingo wa meza?"

"Hapana, kutoka begani mwa sha..." Binti akaruka. "Mama! Mimi nimepima kutoka kwenye meza!"

Alitoka mbio bila kuaga.

Kiwandani aliandika programu upya. Sasa kamera ilitafuta kwanza kona ya sabuni, na kuona sabuni imelala kombo kiasi gani. Kisha kisanduku kilipimwa kutoka kona hiyo. Sabuni ikisogea, nacho kinasogea. Ikigeuka, nacho kinageuka vilevile.

Meneja hakuamini. Aliweka sabuni kwa mkono wake, kombo kombo. Zote zikapita. Akachomeka moja isiyo na chapa. Ikasukumwa nje.

"Nani amekufundisha haya?"

"Mama yangu. Anashona nguo."

"Mlete hapa."

Wiki hiyohiyo mama alisimama mbele ya skrini, amevaa gauni lake zuri. Alikitazama kisanduku cha kijani kikigeuka pamoja na kila sabuni. Hakikukosea hata mara moja.

"Tumesikia wewe ndiye mwalimu," meneja alisema.

"Mimi niliuliza swali tu," mama alijibu. Akawageukia wafanyakazi wote na kupaza sauti, kelele za mashine zisije zikaimeza. "Kazi ameifanya huyu. Mwanangu, wa kumzaa mwenyewe!"