Mkeka wa Mama Keren

Gérard Kangwa alikutwa asubuhi amelala chali chini ya jukwaa la ukumbi wake, katika mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye ukingo wa saruji. Karibu yake mbabula, lile jiko la makaa alilotumia kukazia ngozi za ngoma, ilikuwa imejaa majivu.

Inspekta Marceline Nkandu alisimama mlangoni kwanza, kama kawaida yake. Daktari wa uchunguzi alikuwa amechuchumaa kando ya maiti.

"Alikufa jana jioni," daktari alisema. "Ona hii michubuko miwili ya kifua. Alisukumwa kutoka mbele, mara moja tu."

"Na muntu mwenye nguvu?"

"Ao mwenye hasira. Hasira nayo iko na nguvu."

Lombe, msaidizi wake, alikuwa na pingu mkononi tayari. Lombe ni mtu wa makamo asiyependa kesi ilale.

"Mama Inspecteur, hii imeisha. Tumukamate Delphine. Kenya yote ilisikia ile maneno alimutupia marehemu ku kilio ya mutoto wake."

Kweli, nani hakusikia? Gérard ndiye aliyeongoza kundi la ngoma la Nyota ya Kafubu. Kundi lilialikwa Uruguay, mbali huko Amerika ya Kusini, na siku yao ya mwisho kule walipewa mwongozaji awatembeze mji wa Montevideo, kisha jioni wacheze na wapiga ngoma wa kule. Siku hiyohiyo, huku Lubumbashi, Keren, binti wa pekee wa mchezaji wake Delphine, alikufa kwa malaria. Gérard aliambiwa kwa simu. Alinyamaza, na Delphine akacheza.

Kunyamaza si kosa. Msafiri hapewi habari ya kifo njiani. Anasubiriwa afike, anakalishwa kwenye mkeka, akina mama wanamshika huku na huku, ndipo anaambiwa. Lakini kumwacha acheze? Video ya Delphine akikata kiuno na kucheka meno yote nje ilifika kwenye simu za watu kabla hata mtoto hajazikwa. Akina mama waliitazama wakiwa wameketi matangani. Delphine alipofika alikuta kaburi limeshafunikwa, na jina lake limeshaoza mjini.

Marceline mwenyewe aliipata video ile. Alimtumia dada yake na kuandika chini: huyu ni mama wa namna gani? Sasa, mbele ya maiti, maneno yale yalimrudia, na aliona haya hata kumtazama Lombe.

"Fungua kile chumba," alisema.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na chumba kidogo cha kubadilishia nguo. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo ukining'inia mlangoni. Ndani walikuta mkeka mpya umetandikwa chini, beseni, jagi la maji na kitenge kilichokunjwa vizuri.

Lombe alivua kofia bila kujijua. "Nani amekufa tena?"

"Ndiyo nataka kujua," Marceline alisema. "Lombe, huu mukeka usiutaje kwa muntu yeyote. Umenisikia?"

Mwenye mkeka alipatikana nyumba ya jirani. Aliitwa Mama Ntumba, mjane mnene aliyekuwa akifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Ni mimi niliupeleka jana muchana," alisema. "Nikautandika, nikafunga mulango. Gérard alituomba tukuje leo asubui, mimi na mwenzangu, tumushike Mama Keren."

"Mama Keren? Delphine alimukatalia hata salamu."

"Gérard alisema nimuambie Delphine kwamba ni mimi namuita."

"Alitaka kumuambia nini?"

"Hakunifungulia siri. Alisema tu, 'Mama, nimechoka kubeba muzigo wa muntu mwingine.' Gérard, mutoto wa bantu, alikonda. Wachezaji bote walimukimbia. Banamuke walikuwa banatema mate akipita."

"Mukeka, nani mwingine aliuona?"

"Hakuna. Labda kama Gérard mwenyewe alimuonyesha muntu."

Delphine alikuwa uani kwake, ameketi kwenye kigoda, nywele zimenyolewa. Mumewe, Stanislas, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amesimama nyuma yake na nguo za kazi. Hakuwa amewasha mashine.

"Mama Keren, pole," Marceline alisema. "Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ku kaburi."

"Na nani?"

"Na mutoto wangu."

"Kuna muntu alikuona?"

"Nani anaangalia muntu ku kaburi?"

"Gérard amekufa."

Delphine hakushtuka. Aliinua mikono yake miwili, akamnyooshea Lombe.

"Munifunge. Nilisema afe, na nyie bote mulisikia. Mimi sina kitu ya kurudia humu nyumba."

Lombe alisogea. Stanislas akasogea pia, akajipenyeza katikati, jasho likimtoka.

"Mama Inspecteur, muachie. Hakufika kule. Makosa ni ya Gérard mwenyewe. Mutoto ameshazikwa, juu ya nini kutaka kumukalisha mama yake ku mukeka mara ya pili?"

Lombe alifungua mdomo. Marceline alimkanyaga mguu.

"Twende bote ku ukumbi," alisema. "Bila pingu. Kuna kitu nataka muone."

Maiti ilikuwa imeshaondolewa. Mama Ntumba alikuwa amekuja, ameketi kimya karibu na mlango. Marceline aliweka simu yake juu ya ngoma kubwa.

"Hii video, Mama Keren, umeiona?"

"Sijaiona. Sitaiona."

"Na mimi niliiona mara nyingi. Nikakuhukumu. Unisamehe. Lakini kila mara niliangalia wewe tu, kama bantu bote. Leo angalia Gérard."

Delphine aligeuza uso kwenye simu.

Video ilikuwa ya vipande vya siku nzima, ikaanza mchana. Uwanja mpana, sanamu ya mtu juu ya farasi, mwongozaji wa kike akitembea kinyumenyume na kusema Kifaransa cha kuvunjikavunjika. Soko la bandarini, nyama za mbavu juu ya moto. Pale Gérard alionekana akipokea simu, akatoka nje. Baada ya hapo hakucheka tena. Wengine walipiga picha kando ya jito pana la maji ya udongo; yeye aliwapa mgongo.

Jioni wapiga ngoma wa mtaa waliwasha moto barabarani na kuzipanga ngoma kuuzunguka ili ngozi zikaze. Mwongozaji alieleza kwamba ngoma zile zilitoka Afrika na watu waliouzwa utumwani zamani. Wachezaji wa Lubumbashi walishangilia, maana hata kwao ngoma huota moto kwanza. Pembeni, nyuma ya moshi, Gérard alijifuta macho kwa mkono wa shati. Halafu alimfuata Delphine, akamshika mabega.

"Hapo alikuambia nini?" Marceline aliuliza.

"Aliniambia, 'Mama Keren, turudi hoteli.'" Delphine alisogea karibu na simu. "Nikamucheka. Nikasema, 'Papa Gérard, umezeeka?' Akanishika tena. Alitaka kusema kitu."

Kwenye video simu ya Gérard iliwaka. Aliitazama, akasikiliza kidogo, akamwachia Delphine mabega. Mwongozaji akamvuta Delphine kwenye duara, na ile sehemu ambayo mji mzima uliijua ikaanza.

Marceline aliizima.

"Alitaka kukutoa ku ngoma. Kuna muntu alimuzuia." Alimgeukia Stanislas. "Papa Stani, mukeka uliuona wapi?"

"Mukeka gani?"

"Ule ulisema pale kwako. Mimi sikuutaja. Uko ndani ya chumba chenye mulango wa kufungwa."

Stanislas aliangalia kile chumba, akaangalia ukingo wa saruji, akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Ni yeye alinionyesha," alisema.

"Lini?"

"Jana jioni. Aliniita. Akafungua mulango, akasema, 'Stani, kesho nitamuambia. Ao uanze wewe leo.' Nikamuomba. Nikamupigia magoti, kweli. Akasema, 'Hapana, bibi yako anakufa na chuki ya bure, na mimi nakufa naye.' Nikamusukuma. Sikutaka aanguke vile. Nilimuita, hakuitika. Nikafunga kile chumba, nikaenda."

"Kumuambia nini?" Delphine aliuliza. Hakupaza sauti.

"Kwamba ni mimi nilimukataza. Nilimupigia huku usiku, kule kwenu bado muchana, nikasema Keren amekufa, usimuambie mpaka afike. Ni desturi, hakubisha. Usiku wa manane akanipigia, akasema hawezi kuangalia mama anacheza wakati mutoto wake iko mochwari, anamurudisha hoteli. Nikakata, nikawaza, nikamupigia tena. Nikasema, muache acheze mpaka saa ya ndege."

"Juu ya nini, Papa Keren?"

"Kila siku ukifika hoteli ulikuwa unapiga simu. Hata kama mutoto analala. Unasema nimuwekee simu ku mudomo, umusikie akipumua." Stanislas alificha uso. "Ningekuwekea nini?"

Mama Ntumba aliguna kama mtu aliyechomwa. Hata Lombe aliangalia pembeni.

"Halafu ulirudi, ukamulaani Gérard mbele ya bantu," Stanislas aliendelea. "Aliniangalia. Alinyamaza juu yangu. Na mimi nikanyamaza. Kila siku nikasema kesho."

"Ungeniambia ilikuwa wewe ulificha, ningelia, ningekupiga, yangeisha," Delphine alisema. "Muntu haui mwenzake juu ya ile. Unaogopa nini?"

Marceline, aliyewahi kuhoji wezi na wauaji, alijua kwamba swali lake yeye lilikuwa limekwisha na kwamba hili halikuwa la polisi.

"Ulimupeleka ku hospitali saa ngapi?" Delphine aliuliza.

Stanislas alitikisa kichwa.

"Papa Keren. Saa ngapi?"

"Mangaribi, jua ilishaingia."

"Na homa ilianza lini?"

Lombe alikuwa ameshatoa pingu. Marceline alimpa ishara asubiri.

Delphine aliinuka. Aliingia chumbani, akarudi na ule mkeka, akautandika mwenyewe katikati ya ukumbi, mahali ambapo Gérard alikuwa akiwapangia wachezaji mistari, akaketi. Mama Ntumba akaja upesi kumshika upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wazi. Inspekta Marceline Nkandu alivua viatu, akaketi, akamshika.

"Mara ya kwanza mulinidanganya," Delphine alisema. "Sasa nimekaa. Anza asubui."

Stanislas alisogea kwa magoti hadi ukingoni mwa mkeka.

"Asubui alikataa uji," alisema. "Akasema baba, naona baridi. Na mimi nilikuwa na geti ya muntu ya kumaliza."