Kanuni ya Korido

Siku ya kwanza ya kutokuwapo kwake ilikuwa Jumatano. Mama yake alifunika chakula chake cha mchana kwa sahani nyingine, kama alivyozoea, akarudi kwenye cherehani. Jioni sahani ilikuwa bado imefunikwa.

Wakati huo polisi walikuwa wamekwisha kufunga utepe mbele ya maabara ya lugha ya chuo kikuu. Binti aliyewekewa chakula alikuwa amelala sakafuni katika chumba cha tatu cha kurekodia sauti, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja kikiwa kimegusa mlango.

Watu wote walimwita Kasuku. Mama yake ndiye aliyeanza kumwita hivyo, tangu alipoanza kuzunguka nyumbani akijisemea Kihispania peke yake huku anaosha vyombo. Alikuwa mwaka wa nne, kwenye kozi ya juu kabisa ya lugha hiyo. Darasa zima lilikuwa na wanafunzi watatu.

Inspekta, mama wa makamo, alichuchumaa. Chumba hakikuzidi kabati la nguo kwa upana. Kuta zilivikwa sponji nyeusi mpaka juu. Mbele palikuwa na kioo kinene, na ng'ambo ya kioo meza ya mitambo na kiti kimoja.

"Tazama kucha zake," akasema.

Sajini aliinama. Sponji ya mlangoni ilikuwa imechunwa vipande vipande.

"Alikuwa anatafuta pa kutokea, Afande."

"Jaribu kitasa."

Sajini akakizungusha. Kilizunguka chote bila kushika kitu.

"Cha ndani kimekufa. Cha nje kizima."

Daktari wa polisi hakuona jeraha. Midomo ilikuwa na rangi ya buluu. Alisema atathibitisha baada ya uchunguzi wa maiti, lakini kila dalili ilionyesha pumu. Mkoba wa marehemu ulikuwa umetundikwa nje ya mlango kwenye msumari. Ndani yake, juu ya vitabu, palikuwa na kichupa cha dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Kilikuwa kimejaa.

Aliyeikuta maiti ni mwalimu wa Kihispania. Wanafunzi wake walimwita kwa lugha hiyo, Maestra. Alikaa kwenye benchi la korido, viatu amevivua bila kujua.

"Kwa nini mkoba ulikuwa nje?" Inspekta akauliza.

"Ni utaratibu wetu. Mtihani wa Ijumaa ni wa kufasiri papo hapo. Mwanafunzi anasikia hotuba ya Kihispania masikioni na kuifasiri hapo hapo, bila kupumzika. Haingii na kitu chochote. Hata wanapofanya mazoezi ni hivyo hivyo. Feni nayo tunaizima, maana inavuma kwenye rekodi."

"Na mlango?"

"Kitasa kiliharibika mwaka jana. Nimeomba fundi mpaka nimechoka. Ndiyo sababu wanakaa zamu. Mmoja akiwa ndani, mwenzake anakaa mezani na hedifoni. Akimaliza, anamfungulia."

"Leo nani alikuwa mezani?"

Maestra alitazama viatu vyake.

"Wenzake wawili wa darasa wanatupiana lawama."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa msichana mfupi aliyeitwa Miwani, kwa sababu bila miwani hakuona hata mlango. Alikuwa amelia mpaka vioo vimeingia ukungu.

"Nilikaa mezani mimi mwanzoni," akasema. "Mrefu, mwenzetu wa tatu, akaja kunipokea. Nikamwachia hedifoni, nikaenda maktaba."

"Nani alikuona maktaba?"

"Hakuna. Nilikaa kule nyuma, usingizi ukanichukua."

"Mwenzio yuko ndani ya chumba kisichofunguka, wewe unalala?"

"Afande, nilimwacha na mtu! Wallahi nilimwacha na mtu."

Mrefu alikuwa mrefu kweli. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na alikaa wima kama anayepigwa picha.

"Sikufika maabara leo," akasema. "Nilikuwa natembea uwanjani nikirudia msamiati."

"Miwani anasema alikukabidhi hedifoni."

"Anaogopa. Simlaumu. Ningekuwa nimemwacha mwenzangu ningeogopa pia."

Alama za vidole vyao wote zilikuwa juu ya meza, mlangoni, kila mahali. Walikuwa wametumia maabara ile kwa miaka. Hazikusaidia kitu.

"Huo mtihani una nini?" Inspekta akamuuliza Maestra walipobaki peke yao.

"Chuo kinaifunga idara yetu. Hawa ni wa mwisho. Atakayekuwa wa kwanza atapelekwa ng'ambo kuendelea na masomo. Nafasi ni moja."

"Nani angeipata?"

"Kasuku. Hata wafagiaji walijua."

"Na wa pili?"

"Mrefu. Tangu mwaka wa kwanza, Mrefu ni wa pili."

Sajini alisubiri mpaka wakafika kwenye ngazi.

"Basi imekwisha, Afande. Nikalete pingu?"

"Kwa kosa la kuwa wa pili? Basi nianze na wewe. Umekosa nyota ya cheo mara ngapi?"

"Hapo umenigusa pabaya, mama."

Maestra ndiye aliyekumbuka rekodi. Wanafunzi hawakuweza kuifuta, kwa kuwa sauti za vyumbani zilihifadhiwa moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi yake. Walikaa watatu, mlango umefungwa, Maestra akabonyeza.

Sauti ya Kasuku ilitoka safi, ikikimbizana na hotuba. Akakohoa. Akaendelea. Akakohoa tena, akaacha. Kwa muda zilisikika pumzi tu, kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa.

"Nifungulie," sauti ikasema. "Jamani, nifungulie. Mama! Mama..."

Yakafuata makofi hafifu ya kiganja kwenye sponji. Kisha kimya. Kisha sauti ileile ikarudi, taratibu, ikipanga maneno moja baada ya jingine.

"Ábreme, por favor. Por favor, ábreme."

Ilirudia hivyo mpaka zikabaki pumzi, na baadaye hata pumzi hazikusikika. Maestra alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Anasema nini hapo mwisho?" Inspekta akauliza.

"Nifungulie, tafadhali. Tafadhali, nifungulie."

Inspekta alisimama. Alitoka, akaenda maabara, akaingia chumba cha tatu.

"Nifungie," akamwambia Sajini. "Kisha kaa mezani."

Mlango ulipobana, dunia ikakatika. Inspekta alisikia damu yake mwenyewe masikioni. Sponji ilinuka vumbi na jasho la watu wengine. Nyuma ya kioo Sajini alikuwa anasema kitu. Midomo ilicheza, sauti haikuwapo. Akapiga ukuta kwa ngumi, ukuta ukaimeza.

"Sajini, fungua."

Sajini alikuwa anajikuna shingo.

"Sajini! Fungua!"

Alikuwa amegeuka kutazama korido. Jasho lilianza kumtiririka Inspekta mgongoni. Alijua kuwa mtu wake yuko hatua chache tu, alijua kuwa atafunguliwa, na bado kifua kilimbana. Sajini alipogeuka na kuona uso wake, aliruka hadi mlangoni.

"Samahani, Afande! Nilisahau hedifoni."

Inspekta alishika fremu ya mlango, akavuta hewa.

"Kutoka humo ndani unaona kila kitu," akasema polepole. "Unamwona aliyekaa kwenye kiti. Sasa niambie. Pumzi zimekwisha, unamwita mama yako. Kwa nini uhamie Kihispania?"

Wakamfuata Miwani koridoni.

"Hapa koridoni mlikuwa mnaongea lugha gani?"

"Kihispania tu. Ni kanuni yetu. Ukishapita mlango wa ngazi, hakuna lugha nyingine. Ukisema nyingine hujibiwi. Unakuwa kama upepo."

"Nani aliitunga?"

"Mrefu, tukiwa mwaka wa kwanza. Sote tulikubali. Ilitusaidia sana."

"Wewe uliishika?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Miwani alikaribia kutabasamu.

"Mimi? Mimi na Kasuku tulipiga umbea humu kila siku, kwa lugha yetu, mpaka Mrefu akatuita wasaliti."

"Na yeye mwenyewe?"

"Hajaivunja hata mara moja. Baba yake alipofariki, binamu yake alipanda mbio hadi hapa kumpa habari. Analia, anamwita jina. Mrefu akamwonyesha ngazi kwa kidole. Waliposhuka chini, ndipo akamsikiliza."

Sajini alimtazama Inspekta. Safari hii hakutania.

Chumba cha mahojiano kituoni hakikuwa na dirisha. Mrefu alikaa wima vilevile.

"Nimesikia rekodi," Inspekta akasema.

"Inasema nini?"

"Unajua inasema nini."

"Sikuwapo."

"Kasuku alimwita mama yake. Kisha akaacha, akaomba kwa Kihispania. Alikuwa amebakiwa na pumzi chache, akazitumia kutafuta maneno ya kigeni. Kwa nini?"

"Mazoea."

"Kiti kingekuwa kitupu, angeendelea kuita mama. Angekuwa Miwani, angesema naye kama walivyosema kila siku. Alibadilisha kwa sababu mbele yake, nyuma ya kioo, alimwona mtu mmoja asiyejibu lugha nyingine."

Mrefu alinyoosha kola ya shati.

"Binamu yako naye ulimwonyesha ngazi," Inspekta akaongeza. "Lakini yeye alikuwa na ngazi ya kushukia."

Bega moja la Mrefu lilishuka, kisha la pili.

"Mwanzoni nilidhani anatania," akasema.

"Kisha?"

"Nikaona hatanii. Nikajiambia kanuni ni kanuni. Aseme inavyotakiwa, nimfungulie."

"Akasema inavyotakiwa."

"Ndiyo."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Hata pale alisema vizuri kuliko mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nilivua hedifoni. Nikageuza kiti."

"Ulikaa?"

"Nilikaa. Sikuweza kuondoka, wala sikuweza kugeuka."

"Kwa sababu ya nafasi moja."

"Afande, wewe hujaliona duka la baba mdogo." Sauti yake ilianza kupanda. "Tangu baba afariki, kila likizo nakaa pale. Unafungiwa nyuma ya wavu wa chuma, wenye tundu la kupitisha mkono. Mtu anataka misumari, unapima misumari. Anataka rangi, unampa rangi. Baba mdogo ameshaniambia, ukimaliza huo upuuzi wako kiti chako kipo. Kihispania kilikuwa mlango wangu pekee, na kila mwaka yule alikuwa amesimama mlangoni. Hana habari. Anacheka, anapiga umbea, na bado ni wa kwanza. Nilipomwona nyuma ya kioo nikajiona mimi nyuma ya ule wavu. Nikasema, wawili hatutoki."

"Ungekuwa ndani wewe, yeye angekufungulia?"

Mrefu alilaza uso mezani.

"Angenifungulia," akasema. "Kwa lugha yoyote."

Siku chache baada ya mazishi Inspekta alikwenda kwa mama yake Kasuku. Cherehani ilikuwa dirishani. Ukutani, juu yake, Kasuku alikuwa amebandika zamani karatasi yenye neno la Kihispania la cherehani, na mama hakuwa ameibandua.

"Wewe ulimsikia, mwanangu," mama akasema. "Mimi naambiwa nusu nusu. Alisema nini?"

"Alikuita wewe, mama."

"Kisha?"

"Kisha akasema kwa Kihispania, nifungulie, tafadhali."

"Tafadhali?"

"Mara nyingi."

Mama alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, bila nguo chini ya sindano.

"Humu ndani kumtoa tafadhali mdomoni ilikuwa vita," akasema. Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Mrefu yuko rumande. Mtihani ulifutwa. Kitasa cha chumba cha tatu hakikutengenezwa. Wameung'oa mlango mzima. Kesi itaanza kusikilizwa mwezi ujao na rekodi itachezwa mahakamani. Mama ameomba akae mbele, mahali atakaposikia vizuri.